Maji ya Mgeni

Kagunga,
Jumapili, baada ya misa.

Kwako Kaka Leodgar,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima huko Tunduma, wewe na wifi Happiness na wanangu wote, na kile kikohozi cha mdogo kiwe kimekwisha kama ulivyoniambia. Mvua za huko zimeanza? Huku zimeanza vibaya, zinapiga asubuhi dagaa wakiwa bado wameanikwa mchangani, na akina mama wanakimbizana na maturubai huku wananung'unika. Mimi ni mzima wa mwili. Bariki na mdogo wake wako Gungu na baba yao, nao hawajambo, wanakusalimu sana mjomba wao.

Najua utashangaa kuona bahasha badala ya simu. Utaguna, utasema huyu Veneranda amezidi mbwembwe, siku hizi nani anaandika barua. Kaka, simu nilijaribu. Nilikupigia nikiwa nimejiandaa kabisa, ulipopokea nikaishia kukuuliza bei ya mchele. Ulicheka, ukaniuliza kwani Kigoma mchele umekwisha. Kwenye simu mtu anaweza kusingizia mtandao akakata. Hapa siwezi kusingizia chochote, kwa hiyo nivumilie, na tafadhali isome ukiwa peke yako. Wifi utamsimulia baadaye kwa maneno yako mwenyewe.

Unajua kwamba nafanya kazi na lile shirika la huduma za wazee. Kazi yenyewe sijawahi kukueleza vizuri, nilikuwa nakwambia tu niko ofisini ili nionekane mtu. Ni hivi. Katika vijiji vya mwambao shirika limechagua wanakijiji, wengi wao wanawake, wa kuwatembelea wazee waliobaki peke yao. Wanawachotea maji, wanawafulia, wanawapeleka zahanati, wanakaa nao kidogo wapige soga. Wanaitwa wahudumu. Sheria kubwa ni moja, kwamba huduma ni ya mzee asiye na mtu. Mwenye mtoto anayeweza kumtunza haingizwi, na akigundulika anaondolewa ili nafasi apewe mwingine, maana wahudumu ni wachache na wazee ni wengi. Hilo lishike, kaka, ndilo litakalotuumiza mbele.

Mwezi uliopita tulitumwa kwenda kupima kama huduma hiyo inawasaidia wazee kweli au ni maneno ya kwenye mikutano. Kiongozi wetu anaitwa Castory, kijana wa Dodoma, msomi na mpole, lakini Kiha hajui hata cha kuombea maji ya kunywa. Wazee wa mwambao Kiswahili wanakisikia, ila kukisema wanaona tabu, hasa mbele ya mgeni mwenye kalamu. Basi utaratibu wetu ukawa huu: mhudumu anatoka nje ili mzee awe huru, Castory anauliza kwa Kiswahili, mimi naligeuza swali kwa Kiha, mzee anajibu, nami namrudishia Castory kwa Kiswahili anaandika. Wazee wote wa mwambao walisikika kwa mdomo wangu. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Na mdomo wangu unaujua. Kabla ya kwenda majumbani tulikuwa tunaitisha mkutano wa kijiji, na Castory ananiachia niseme kwa sababu mimi ni mwenyeji na nina sauti. Kaka, nilisema. Mwamgongo nilisema, na Kagunga nikapitiliza. Nilisimama pale mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki, nikawaambia watu kwamba mtoto anayemwacha mzazi wake azeeke kwa huruma ya majirani hana tofauti na mwizi, na afadhali hata mwizi, yeye huiba vya watu asiowajua. Wakapiga makofi. Mzee mmoja aliinuka akanishika mkono, akawaombea heri wazazi walionizaa. Castory aliniambia siku hiyo nimewagusa watu kweli, nami nikavimba kichwa.

Sasa utaniuliza, mbona Kagunga ndiko aliko Mama? Ndiko. Nilijua vizuri ninakokwenda. Nilikuwa nimepanga kazi ikiisha niponyoke, nipande kilimani nimsalimu, nimpe kitenge nilichomnunulia, niwahi boti ya kurudi. Watu wa pale hawanifahamu, maana si kwetu. Sisi tumezaliwa Manyovu, Mama alihamia kwa mjomba baada ya Baba kufariki, na mara yangu ya mwisho kukanyaga huko ilikuwa msiba wa mjomba mwenyewe. Wewe unakumbuka msiba huo ulikuwa lini. Najua pia nilichokuwa nakwambia kwenye simu miaka yote hiyo, tutafika huko.

Nyumba ya mwisho siku ile ilikuwa juu kabisa. Mwenyekiti wa kitongoji alitutangulia, na njiani akatusimulia kwamba tunakwenda kwa bibi mmoja ambaye miguu imekataa, hana mtu, na bila mhudumu wake angekuwa ameshazikwa zamani. Mimi nilikuwa nyuma nahema, mwili huu unaujua. Nilipoinua macho nikaona mlango wa buluu wa mjomba.

Mama alikuwa amekaa mkekani hapo mlangoni, miguu ameinyoosha, na mwanamke wa makamo amepiga magoti anamkanda kwa mawese ya uvuguvugu. Amekonda, kaka. Macho yameingia ukungu. Nilisema shikamoo pamoja na wenzangu, sauti yangu ikachanganyika na zao, lakini Mama aligeuza kichwa upande wangu hapo hapo, akaanza kuinua mkono. Nikamwahi. Nikamwambia kwa Kiha, kwa sauti ya ofisini, kwamba sisi ni wageni kutoka shirika na tumekuja kikazi. Ule mkono akaurudisha mapajani. Mwenyekiti akanitambulisha kama Mama Bariki, na yule mwanamke akajifuta mawese kwenye kanga, akanipa mkono, akasema yeye anaitwa Anésie na kwamba tumefika nyumbani.

Huyo Anésie wazazi wake walivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni, akakulia hapo, akaolewa hapo hapo na mvuvi. Kiha chake kina Kirundi ndani, lakini yeye na Mama wanasikilizana kabisa. Alipomwinua Mama kumwingiza ndani hakumvuta mkono kama tunavyofanya sisi, alimkumbatia kiunoni akasubiri mpaka Mama mwenyewe atake kusimama. Kisha akatoka nje na mwenyekiti, kama utaratibu unavyotaka, tukabaki watatu.

Castory aliuliza habari za maji, chakula, dawa. Mama alijibu yote kwa adabu, na mimi nikageuza neno kwa neno. Alisema Anésie huja hata siku ambazo si zake. Alisema alipougua tumbo Anésie alilala chini hapo chumbani, na wanawe wakaletwa kula hapo hapo ili asiondoke. Alisema Anésie humwita Mama. Hilo nalo nililigeuza. Halafu Castory akauliza kama bibi ana watoto. Mama akajibu kwamba hana, nikampa Castory jibu hilo, akaandika, tukaendelea na swali la zahanati.

Tulipomaliza Mama akakataa tuondoke hivi hivi. Anésie alikuwa ameshasonga ugali wa muhogo na kuunga migebuka. Unakumbuka Mama alivyokuwa mkali kwa jambo la kunawisha wageni? Wewe ulishika jagi, mimi beseni, na ole wako uanze na mdogo kabla ya mkubwa, au uinue macho umtazame mgeni usoni. Alikuwa akisema kwamba nyumba ambayo mtoto wake hamnawishi mgeni haina mtoto. Basi Anésie alikuja na jagi na beseni, akaanza na Castory, akafuata mwenyekiti, akanifikia mimi. Akapiga goti. Nikanyoosha mikono. Kaka, nilinawishwa kwa Mama, na Mama yuko pale kwenye kigoda chake, anasikiliza maji yanavyoanguka kwenye beseni.

Nikala. Natamani nikwambie tonge lilinikwama, lakini halikunikwama, nilikuwa na njaa na samaki alikuwa mtamu. Hata hilo linanitia aibu.

Wakati wa kuaga Mama alimtuma Anésie chumbani alete chupa ya mawese. Anésie aliileta huku akitabasamu, akatueleza kwa Kiswahili kwamba bibi ana desturi ya kuweka chupa kama hiyo kwa ajili ya mtoto fulani atakayekuja, yakichacha anayamwaga kisha anaweka mapya, na yeye amechoka kumwuliza ni mtoto gani. Castory alinitazama. Nikamwambia ni uzee tu, wazee wengi huwa hivyo. Akaitikia. Mama akasema siku hiyo chupa apewe mgeni huyu wa kike. Niliipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikashuka nayo kilimani. Kile kitenge kilibaki kwenye mkoba wangu.

Nilidhani yatakwisha hapo. Tuliporudi mjini Castory akakaa na karatasi zake akaandika taarifa, na kati ya wazee wote tuliowahoji akamchagua Mama awe mfano. Aliandika vizuri, kijana ana kalamu. Aliandika habari ya bibi asiye na mtu duniani ambaye jirani amegeuka kuwa mtoto wake, na kwamba huo ndio ushahidi kuwa huduma inafanya kazi. Kukawa na mkutano katika ukumbi mmoja Katubuka, wamekuja wafadhili, viongozi wa dini na wazee wa mji. Akaniomba niisome mimi, kwa kuwa nina sauti.

Nilianza kusoma. Nilipofika pale pa kusema bibi hana mtoto, sauti ikakatika. Nikasimama na karatasi yangu kama mwizi aliyemulikwa tochi, halafu nikakaa, mwenzangu akamalizia. Na unajua watu walifanya nini? Walinihurumia. Mama mmoja mzito wa Ujiji alinikumbatia akasema wenye moyo laini kama wangu ndio wanaotakiwa kwenye kazi hizi. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimvuta Castory nje, nyuma ya ukumbi penye matenki ya maji, nikamwambia yote, na niliyomwambia pale ndiyo ambayo wewe bado sijakuambia.

Hapo juu nimekuandikia kwamba Mama aliulizwa kama ana watoto akajibu hana. Futa maneno hayo, kaka. Mama hakusema hivyo. Nimekudanganya hata ndani ya barua ya kuungama, ona nilipofikia. Castory aliuliza, mimi nikageuza swali, nikamwuliza mama yangu mzazi kwa Kiha, bibi, una watoto? Mama akajibu, kwa sauti ya chini ili nje wasisikie, kwamba anao wawili, mmoja yuko Tunduma, na mwingine ndiye huyu anayemwuliza. Nikamgeukia Castory nikamwambia, anasema hana.

Na usidhani Mama hakuelewa. Amewauzia dagaa Waswahili wa Ujiji na Wakongo ujana wake wote, neno "hana" analijua. Aligeuza uso akatazama ukuta. Castory alipouliza swali la zahanati, nikaligeuza, Mama akanijibu kwa upole uleule, ila tangu hapo kila jibu alilianza kwa kuniita mgeni.

Nimejaribu kujitetea mbele ya nafsi yangu. Nimesema nilikuwa namlinda asiondolewe kwenye huduma, asimpoteze Anésie. Ni sababu nzuri, ubaya wake ni kwamba ilinijia kwenye boti wakati wa kurudi. Pale ndani sikumfikiria Anésie wala Mama. Nilifikiria makofi ya mwaloni na yule mzee aliyewaombea heri wazazi wangu. Nilimkana mama yangu ili nisiaibike mbele ya kijana wa Dodoma ambaye ndugu zake siwajui na hawanijui.

Na zile habari zote nilizokuwa nakupa kwenye simu, kwamba nimetoka kwa Mama juzi, kwamba anakula vizuri, kwamba ameulizia wanao, nilikuwa naziokota Kibirizi kwa wachuuzi wa dagaa wanaotoka Kagunga. Nikiwauliza, wananiambia yule bibi wa kilimani yupo, basi mimi nakupigia nakwambia mzima. Wewe uliniachia Mama kwa sababu mimi niko karibu, nami nikautumia huo ukaribu kukuongopea. Sisemi haya ili na wewe nikupake matope, ingawa Kaka, tukiwa peke yetu hapa, na wewe ulikuwa unaridhika haraka sana.

Castory hakunigombeza, ingekuwa nafuu. Aliniuliza jambo moja tu, kama majibu ya wazee wengine niliyageuza kweli. Nikaapa kwamba niliyageuza kweli. Akasema ananiamini, lakini itabidi arudi mwambao mzima na mtu mwingine aulize upya. Akasema pia kwamba Mama ataondolewa, kwa sababu ana watoto wawili wazima wenye nguvu na kazi, na huko Kagunga kuna mzee Petero, ng'ambo ya kijito, ambaye hana hata mmoja na amesubiri nafasi muda mrefu. Ni haki. Nilikuwa nimeisema sheria hiyo mikutanoni kwa mdomo huu huu.

Nikaomba likizo isiyo na malipo, nikapanda boti. Nilipofika Anésie alikuwepo, ameshapewa habari, amekuja kuaga na kumfulia Mama mashuka kwa mara ya mwisho. Nikamwambia mimi ni nani. Nilitegemea anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Aliniuliza kama mimi ndiye yule wa chupa. Nikasema ndiye. Akasema sawa, akaendelea kukamua shuka.

Chakula kilipoiva nilimwahi, nikachukua jagi na beseni mimi mwenyewe, nikaenda nikapiga goti mbele ya Mama. Sikuinua macho, kama alivyotufundisha. Mama hakunyoosha mikono. Aliiacha mapajani, akamwita Anésie, akamwambia kwa upole kabisa amnawishe mgeni kwanza, maana ametoka mbali na amechoka. Anésie hakujua la kufanya, masikini. Alisimama pale, halafu akalichukua jagi mkononi mwangu. Nikanawishwa tena.

Anésie alipoondoka Mama alikaa mlangoni akimsikiliza anavyoteremka kilima mpaka mwisho. Ndipo aliponisemesha. Alisema amesikia kwamba nimesema kweli huko mjini, na kusema kweli ni vizuri, ndivyo alivyotulea. Ila alipokuwa hana mtoto, alikuwa na mtoto. Sasa nimesema anao wawili, na hana hata mmoja. Hakulia, kaka, wala hakupandisha sauti. Nililia mimi, naye akanisubiri nimalize.

Nimemwomba twende Gungu akakae nasi. Amekataa. Amesema ameshazeeka, hawezi kuanza kuishi kwa watu. Ndivyo alivyosema, kwa watu. Basi niko hapa. Asubuhi nachota maji, namkanda miguu, na naambiwa ninavyokosea, kwamba Anésie huanzia kwenye kifundo na hana haraka. Usiku... la, nisikutie simanzi ya bure, analala vizuri. Mzee Petero anasifiwa kuwa ameanza kutoka nje kuota jua. Nafurahi kwa ajili yake na moyo unaniuma papo hapo.

Likizo yangu ina mwisho, na kazi sijui kama bado ninayo. Sikuombi hela, kaka, usitume hela, ukituma nitairudisha. Nakuomba uje. Njoo ukae nawe zamu yako, upige goti na wewe, utazoea. Mimi Mama ameshanihukumu na nimeikubali hukumu, lakini wewe hajakuhukumu bado, na macho yake yanazidi kufunga.

Wifi mpe pole kwa mwaka huu wa mvua, wanangu wabusu kwa ajili ya shangazi yao asiyefaa. Padre wa hapa anakusalimu, anasema hakujua kama upo.

Nimemwambia Mama kwamba nakuandikia, nikamwuliza nikuambie nini kutoka kwake. Amefikiri sana. Amesema nikuulize siku hizi asubuhi unakunywa chai au uji, ili ukifika tusihangaike kukukaribisha.

Ni mimi mdogo wako,
Veneranda.